Niende na skuta yangu au nikodi kiti cha pale getini?

BabaMapacha:
Habari zenu ndugu zangu. Nilipata polio nikiwa na miaka 3, na mguu wa kulia haukukua sawa na mwenzake. Sasa nina 51. Kwa magongo natoka kitandani hadi mlango wa nje, zaidi ya hapo bega linawaka moto. Nje natumia skuta ya umeme ya magurudumu manne, huu mwaka wa sita.

Nimewaahidi wanangu mapacha, wana miaka 10, kwamba nitawapeleka kwenye bustani kubwa ya burudani. Shemeji ananishauri niiache skuta, tukodi kiti cha kusukumwa getini, yeye atasukuma. Nia yake njema, namshukuru. Ila niliwahi kusukumwa siku nzima kwenye maonyesho. Mbele yangu niliona viuno vya watu tu. Watoto walikuwa nyuma pamoja na msukumaji. Wakicheka, sijui wamecheka nini. Nikitaka kusimama nitazame kitu, mpaka niombe. Siku hii sitaki iwe hivyo.

Hofu zangu: betri itafika jioni? Nikipanda bembea, skuta inabaki wapi? Na je, wahudumu watanikubalia kupanda?

MamaTausi:
Baba Mapacha, nenda na skuta yako. Mimi niliumia uti wa mgongo, nipo kwenye kiti mwendo cha umeme, na bustani za namna hiyo nimeingia mara nne. Mara moja tu nilikubali kiti cha kukodi, na kilikuwa kipana kwangu. Nilirudi nyumbani na kidonda kwenye nyonga kilichochukua wiki tano kupona. Kiti unachokijua ni sehemu ya mwili wako.

Betri ndiyo ya kuifikiria sana. Umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha skuta hupimwa kwenye tambarare, betri ikiwa mpya na mtu akiwa mwepesi. Yako ina miaka sita. Vilima vinakula chaji, na kwenye umati unasimama na kuondoka kila baada ya hatua chache, hiyo nayo inakula. Usitegemee kuchaji wakati wa chakula, maana saa moja kwenye chaja haikurudishii mengi. Ijaribu kabla ya safari: chaji ijae, uzunguke mtaani mpaka taa ya betri ibadilike, uone umefika kilomita ngapi.

Kwenye reli za kile kitreni cha watoto, vuka ukiwa umenyooka kabisa. Ukikata kwa pembeni, gurudumu dogo linaingia kwenye mfereji wa reli na unapinduka. Na ukishuka, iegeshe kivulini. Kiti cheusi kikipigwa na jua kinaunguza. Wewe polio haikukuondolea hisia, utashtuka mapema. Mimi paja liliungua bila kujua.

NilikuwaMitamboni:
Nimefanya kazi ya kupandisha watu kwenye mashine miaka mitatu, naomba nijibu hilo la mwisho. Utaulizwa kama unaweza kuhama mwenyewe kutoka kwenye skuta hadi kiti cha mashine, na kama unaweza kutembea. Wengi huumia moyoni wakisikia hivyo, nami niliwaona wakiumia. Sababu ni kwamba mtambo unaweza kusimama njiani, na huko juu njia ya kushukia mara nyingi ni ngazi nyembamba. Sema ukweli wako: hatua ngapi, ngazi ngapi. Mahali pengi wahudumu hawaruhusiwi kumbeba mgeni, kwa hiyo shemeji aje, na mfanye mazoezi ya kuhama nyumbani.

Skuta huachwa mlangoni pa mashine. Chomoa ufunguo uende nao. Na mtu asiisukume kwa kuachia ule wenzo wa mota, unaoachanisha mota na magurudumu, pakiwa na mteremko: ukishaachiwa, breki ya umeme haishiki tena. Niliona moja ikiondoka yenyewe kuelekea kwenye foleni ya watoto. Tuliiwahi, lakini sijasahau.

Mwanamagongo:
Mimi nina wazo tofauti kidogo. Skuta yangu ilizima saa sita mchana, na kuisukuma mtu akiwa juu ni kazi ya watu wawili. Pia skuta inahitaji nafasi kubwa kugeuka kuliko kiti mwendo; foleni zenye kona za vyuma zilinishinda. Kaka, pima urefu wake, uwapigie simu kabla, uulize foleni ipi ina mlango wa pembeni.

BabaMapacha:
Nawashukuru kutoka moyoni. Jana nimefanya jaribio la Mama Tausi. Kitabu kinasema kilomita 25. Taa imebadilika kwenye kilomita 14. Kwa hiyo asubuhi tutaanza na upande wa mbali, mchana tuwe tunarudi kuelekea getini. Shemeji nimemweleza yale ya ngazi, ameelewa, na leo jioni tumehama mara kumi kutoka kwenye skuta hadi kwenye sofa. Mapacha walikuwa wanahesabu.

Swali dogo: mvua ikinyesha, ile sehemu ya swichi naifunika na nini?

MamaTausi:
Mfuko wa nailoni angavu, uzione swichi. Funga kwa mpira juu, chini acha wazi unyevu utoke.