Filamu ya sayansi ya kubuni au tamthilia ya mashujaa: mgeni aanzie wapi?

Mtazamaji Sugu

Wakuu, naomba mchango wenu. Mdogo wangu wa kike hajawahi kuimaliza filamu hata moja ya sayansi ya kubuni, na tamthilia za mashujaa wenye nguvu za ajabu anaziona za watoto. Juzi kaniambia: "Nichagulie kitu kimoja. Kikinichosha, tusirudi tena kwenye mazungumzo haya." Nafasi ni moja tu na sitaki kuichezea.

Mimi naegemea filamu, na sababu yangu ni hii. Sote tumekua tukijua kwamba steringi hafi. Kwenye tamthilia ya mashujaa kanuni hiyo imegeuka mkataba: wiki ijayo lazima awepo, kwa hiyo alichopoteza leo kitatafutiwa njia ya kurudi. Chukueni The Flash, iliyoanza 2014 ikaisha 2023, misimu 9, sehemu 184. Mwisho wa msimu wa kwanza Barry, shujaa mwenyewe mwenye mbio za ajabu, anarudi nyuma ya wakati hadi usiku ule mama yake alipouawa. Uwezo wa kumwokoa anao. Ila anamwona yeye mwenyewe wa baadaye, na yule anamwashiria kwa mkono: usifanye. Barry anajibanza nyuma ya mlango analia huku mama anauawa, kisha anaingia kumuaga. Nililia naye. Halafu mwisho wa msimu wa pili akarudi usiku uleule akamwokoa, na sehemu ya kwanza tu ya msimu wa tatu ikatumika kulifuta jambo hilo. Ule uamuzi mzito wa mwanzo ukabaki mwepesi kama karatasi.

Sasa linganisheni na Interstellar (2014). Cooper, rubani wa chombo cha anga, anashuka kwenye sayari ya maji iliyo jirani na shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki), ambako saa 1 ni sawa na miaka 7 ya Dunia. Wanachelewa. Wakirudi kwenye chombo, miaka 23 imepita na mwenzao waliyemwacha kazeeka. Cooper anakaa mbele ya kioo, anafungua ujumbe wa video wa wanawe. Kijana anakua, anapata mtoto, analeta habari ya msiba wa babu. Kisha binti, ambaye miaka yote hakutaka kusema neno, anatokea akiwa na umri uleule aliokuwa nao baba siku alipoondoka. Miaka hiyo hairudi. Filamu inakwisha na haijarudi.

Kipimo changu ndicho hicho: mtu akilipa, je, anarudishiwa? Mezani nina Interstellar, Arrival na Blade Runner kwa upande wa filamu, Daredevil na Watchmen kwa upande wa tamthilia. Nyinyi mngempa ipi? Ila tafadhali msimwage miisho yote hapa, huenda akasoma.

Kamera Moja

Mkuu, umeipima tamthilia kwa ile iliyoteleza. Nenda Daredevil (2015), msimu wa kwanza, sehemu ya pili. Matt ni wakili kipofu, hata vazi lake rasmi hajapata, kajifunga kitambaa cheusi usoni. Mwili wake tayari umejaa majeraha, kaokotwa kwenye pipa la taka na nesi anamshonashona. Katika hali hiyo anakwenda kumkomboa mtoto aliyetekwa.

Kamera inaingia kwenye korido na haikatiki kwa dakika kadhaa. Mapigano mengine yanahamia vyumbani, nasi tunabaki nje tukisikia vishindo. Mara mlango unafunguka, mtu anatupwa nje. Anayeanguka hazimii kama tulivyozoea, anajikusanya anainuka tena. Na shujaa mwenyewe anachoka! Anaegemea ukuta, kifua kinapanda na kushuka, anarusha ngumi iliyokwisha nguvu kisha anapepesuka nayo. Hilo ndilo pambano la kwanza la shujaa lililonifanya niogope kwamba atashindwa, na nilijua fika kwamba zimebaki sehemu 11.

Halafu kuna suala la muda. Adui mkuu, Wilson Fisk, tunasikia watu wakiogopa kulitaja jina lake tu. Sura yake tunaiona mwishoni mwa sehemu ya tatu, na tunamkuta peke yake kwenye ukumbi wa sanaa, kasimama mbele ya mchoro mweupe mtupu, na anasema unamfanya ajihisi mpweke. Filamu ya saa mbili haina nafasi ya kumchelewesha adui kiasi hicho. Mwigizaji Vincent D'Onofrio alipewa sehemu 13 za kumjenga mtu, na alimjenga. Kwa huyo dada yako, mimi naweka kura hapa.

BintiSayari

Kura yangu ni Arrival (2016), na sihitaji kufikiria mara mbili. Mtu anayedhani sayansi ya kubuni ni milipuko na bunduki za mwanga, mwonyeshe mwanamke aliyesimama ubaoni na kalamu.

Vyombo 12 vimetua sehemu mbalimbali duniani. Kanali wa jeshi anamtaka Louise, mtaalamu wa lugha, awaulize wageni swali moja: mmekuja kufanya nini? Louise analiandika swali lote ubaoni kisha analibomoa kipande kwa kipande. Kwanza, je, wanajua swali ni kitu gani? Pili, huyo anayeulizwa ni huyu mmoja aliye mbele yetu au ni wote kwa pamoja? Kiingereza kinatumia neno lilelile. Sisi tunaotenganisha wewe na nyinyi tangu tunajifunza kusema tunalielewa tatizo hilo mara moja. Nilikaa wima kitandani. Sarufi ilikuwa imegeuka jambo la kufa na kupona.

Maandishi ya wale wageni nayo ni duara, kama wino uliomwagika ndani ya maji ukajishika. Halina mwanzo wala mwisho, na hilo halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Naishia hapo, nisije nikamharibia utamu.

Mtazamaji, kwa kipimo chako cha kulipa, hakuna filamu kwenye orodha yako inayolipa bei kubwa kuliko hii. Ni dakika 116 tu. Interstellar ni dakika 169.

Fundi Sauti

Naunga mkono hoja ya muda, na naongeza ya sauti. Interstellar ina sehemu ambazo muziki na mngurumo wa injini vinameza maneno ya waigizaji. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, alieleza wakati ule kwamba alikusudia hivyo. Ukumbini inakutikisa mifupa. Kwenye spika za kompyuta ndogo, mtu mgeni atakuwa anauliza kila dakika, "Kasemaje?" Ukimpa hiyo, washa maandishi ya chini.

Ila lile shimo jeusi asilikose maishani. Mwanafizikia Kip Thorne ndiye aliyewapa hesabu watu wa picha za kompyuta, mwanga ukapindishwa kama fizikia inavyosema. Picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli ilitolewa 2019, miaka 5 baada ya filamu. Niliiangalia ile pete ya mwanga yenye kivuli katikati nikahisi nimekutana na mtu ninayemfahamu.

Mzee wa Mkanda

Vijana, salamu. Mimi nimeanza na mikanda ya video, ile iliyokuwa ikikwama, kwa hiyo mnivumilie.

Blade Runner ya 1982 ndiyo filamu niipendayo kuliko zote, na nakuomba usimpe. Mara ya kwanza nilisinzia. Ya pili niliona mvua na taa tu. Ya tatu ndipo nilipomsikia Roy Batty pale juu ya paa, kiumbe aliyetengenezwa aishi miaka 4 tu, anamwokoa mtu aliyekuja kumuua, kisha anaketi kwenye mvua na kuhesabu aliyoyaona. Rutger Hauer, aliyemwigiza, aliyapunguza maneno ya mwandishi na kuongeza ya kwake, ndiyo maana yanatoka kama pumzi ya mwisho ya mtu kweli. Lakini filamu hiyo inataka uivumilie kwanza, na mgeni bado hana sababu ya kuvumilia. Isitoshe, matoleo ni mengi. Siku akifika huko, mpe lile la 2007, ndilo alilolikamilisha mwongozaji Ridley Scott mwenyewe.

Sasa kuhusu kipimo chako, Mtazamaji. Unasema tamthilia ya kila wiki humrudishia shujaa alichopoteza. Hukuiona The Incredible Hulk, ya 1977 hadi 1982. Bill Bixby alikuwa daktari anayesakwa, watu wanadhani amekufa. Kila wiki anaingia mji mpya, anapata kazi ndogo, anapata watu wanaompenda. Kisha anakasirika, anageuka jitu la kijani, siri inakaribia kutoka, inabidi aondoke. Kila mara picha ya mwisho ni yeye na mkoba wake kando ya barabara, ananyoosha mkono kuomba lifti, na kinanda kinalia polepole. Wiki ijayo alirudi, ndiyo. Alirudi akiwa hana mtu. Kule kurudi ndiko kulikokuwa adhabu yake. Sisi tuliokuwa tukiitazama tulikuwa tunanyamaza hadi majina yaishe.

Nyotamkia

Mzee, shikamoo. Nimeisoma hiyo aya ya mwisho mara mbili.

Naona tunatupia lawama aina ya hadithi wakati tatizo ni urefu wake. Vituo vya Marekani vilizoea kuagiza sehemu 22 au 23 kwa msimu, na waandishi wakalazimika kujaza. The Flash ilikuwa ya mtindo huo. Watchmen ya 2019 ina sehemu 9, kisha basi. Mtunzi wake, Damon Lindelof, alisema alichotaka kusema, msimu wa pili hakuuandika. Inaanza na mauaji ya kweli ya mji wa Tulsa, Marekani, ya mwaka 1921, mtaa wa watu Weusi unateketezwa, na kidonda hicho hakiponi kwa uchawi wowote hadi mwisho. Sehemu ya 6, karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, inatueleza shujaa wa kwanza kabisa mwenye barakoa alikuwa nani na kwa nini alificha hata ngozi iliyozunguka macho yake. Tamthilia nzima ilipata tuzo 11 za Emmy, zile za runinga za Marekani, na kwa maoni yangu ile sehemu moja tu ilizistahili.

Hata hivyo ufupi peke yake hautoshi. WandaVision (2021) nayo ina sehemu 9. Mwanamke mwenye huzuni kajijengea nyumba ndani ya vichekesho vya runinga vya zamani ili asimzike mpenzi wake. Wazo la ajabu, zuri mno. Kisha sehemu ya mwisho watu wanaruka hewani wakirushiana miale. Nilisikitika sana, kwa sababu katikati ya miale hiyo kuna kuagana kwa utulivu sebuleni ambako kulitosha kabisa.

Kwa mgeni lakini, Watchmen ni nzito. Inamtaka ajue mambo ya nyuma, ya kile kitabu cha katuni ilikotoka.

Mtazamaji Sugu

Mzee wa Mkanda, shikamoo. Umenivunjia hoja na nimekubali. Nilichokuwa nakichukia si kurudi kwa shujaa. Nachukia anaporudi kama vile hakuna kilichotokea. Huyo daktari wa barabarani anarudi amepungukiwa, na Matt wa Kamera Moja vilevile, kwa sababu jeraha la sehemu ya pili bado linamuuma mbele ya safari. Kumbe filamu ina faida moja tu hapa: inaisha, basi. Haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo mwaka ujao.

Bado naamini kwa mtu mwenye nafasi moja, kitu kinachoisha usiku uleule ndicho salama. Blade Runner nimeitoa. Watchmen nimeitoa kwa sasa. Interstellar nimeiondoa kwa sababu ya Fundi Sauti, maana spika zetu nazijua. Zimebaki Arrival na Daredevil.

Kamera Moja

Mpe sehemu mbili tu za Daredevil usiku mmoja. Haizidi saa mbili. Korido ile itamaliza kazi.

BintiSayari

Itamaliza kazi kwa anayependa mapigano, kaka. Huyu kasema mashujaa ni mambo ya watoto, akiona kitambaa usoni tu moyo unafunga. Anza na Louise. Na usikae unamwangalia usoni kila dakika kuona kama amependa, mwache.

Mtazamaji Sugu

Wakuu, narudi na majibu. Jana usiku tumetazama Arrival. Simu aliiweka kando bila kuambiwa, mara ya kwanza dakika ya 20 hivi, pale wanapoingia ndani ya chombo na chini kunageuka ukuta. Kwenye ubao alicheka akasema, "Si waseme nyinyi!" BintiSayari, nikakukumbuka.

Katikati alisogeasogea kwenye kiti, nikaogopa. Sikumwangalia, kama ulivyoniambia.

Ilipoisha hakusema kitu. Majina yakapita hadi mwisho. Kisha akachukua rimoti mkononi mwangu, akairudisha mwanzo kabisa, pale Louise yuko na mtoto kwenye nyumba ya kando ya ziwa. Akatazama kama dakika 3. Akasimamisha picha kwenye uso wa Louise, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo hapa anajua?"

Sikumjibu. Tulikaa hivyo muda mrefu, picha imesimama.

Asubuhi hii ameniuliza yule kipofu ana sehemu ngapi. Kamera Moja, tunaanza leo.