Kulinda nguo za sufu dhidi ya nondo bila dawa kali

Mwanasufu (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu nguo za sufu ambazo huvaliwa majira ya baridi tu, kisha hukaa kabatini miezi mingi bila kuguswa. Safari hii nilipozitoa nilikuta sweta mbili zimetobolewa matundu madogo yasiyo na mpangilio, mengi yakiwa chini ya kola na kwapani, ilhali shali ya sufu iliyokunjwa juu yake haikuguswa hata kidogo. Kwenye mkunjo wa mkono wa sweta moja palikuwa na kijifuko chembamba cha utando, na ndani ya mishono nikaona chembechembe kama mchanga, zenye rangi ya buluu ileile ya sweta. Nondo wanaozunguka taa usiku ninawaona mara kwa mara, ila sijui kama ndio waharibifu wenyewe.

Sitaki vidonge vya naftalini, kwanza kwa sababu ya harufu yake inayong'ang'ania nguo, na pili kwa kuwa nyumbani kuna mtoto mchanga. Nimesikia habari za karafuu, lavenda, mbao za mwerezi na majani ya mwarobaini. Je, ni kipi kati ya hivi kinachofanya kazi kweli, na nguo zilizokwisha kushambuliwa nizifanyeje?

Fundi Sindano

Pole, Mwanasufu. Kwa maelezo yako hao ni nondo wa nguo, wala si wale wa kwenye taa. Nondo wa nguo hukimbia mwanga. Ni mdogo, urefu wake hauzidi milimita 8 hivi, ana rangi ya dhahabu iliyofifia, na ukifungua kabati ghafla utamwona akikimbilia gizani badala ya kuruka kuelekea dirishani. Tena huyo mwenye mabawa hali kitu chochote, kwa sababu kazi yake ni kujamiiana na kutaga tu. Wanaokula ni mabuu wake, weupe wenye vichwa vya kahawia, ambao wana uwezo usio wa kawaida wa kumeng'enya keratini, yaani protini inayojenga sufu, nywele, manyoya na kucha. Ndiyo maana fulana za pamba zilizopangwa kando ya sweta hubaki salama, isipokuwa zikiwa zimechanganywa na sufu au zimechafuka sana.

Zile chembe za buluu ni kinyesi chao. Buu hawezi kumeng'enya rangi iliyotiwa kwenye uzi, kwa hiyo hutoka kama ilivyoingia, na hicho ni kitambulisho kizuri kwa mtu anayetaka kujua ni nguo ipi hasa inayoliwa. Kijifuko cha utando nacho ni njia anayoisuka buu ili ale akiwa amejificha.

Sasa tazama mahali matundu yalipo: kola na kwapa. Sufu safi peke yake ni chakula duni kwa mabuu, lakini sufu yenye jasho, mafuta ya mwili au tone la mchuzi huwapa chumvi na vitamini wanavyohitaji ili wakue haraka. Bila shaka shali yako ilisalimika kwa sababu iliwekwa ikiwa safi, au ilivaliwa mara chache. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu la swali lako kuliko kwenye karafuu au mwerezi: nguo ya sufu isiingie kabatini kwa msimu mzima kabla ya kufuliwa, hata kama imevaliwa mara moja na haionyeshi doa.

Uifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na magadi, bila kuisugua wala kuikamua kwa kuipinda. Ikunje ndani ya taulo, ibonyeze hadi maji yatoke, kisha uianike ikiwa imelazwa bapa. Zingatia kwamba ufuaji huu wa upole huondoa uchafu na mayai mengi, lakini hauui kila kitu, kwa kuwa joto linaloua mayai na mabuu ndani ya maji ndilo hilo hilo linaloifanya sufu isinyae, hasa ikichanganyika na msuguano. Kwa nguo zako zilizokwisha kuingiliwa, njia ya uhakika ni baridi kali. Iweke nguo iliyo kavu kabisa ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa kadiri uwezavyo, funga, halafu iache ndani ya friza yenye baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa majuma mawili. Ukiitoa, usiufungue mfuko mpaka nguo irudi kwenye joto la chumba, maana ukiwahi, unyevu wa hewa utagandamana kwenye nyuzi na kuzilowesha.

Bibi Karafuu

Mwanasufu, mwanangu, mambo ya friza ni mazuri, lakini usiyadharau mambo ya wazee. Mimi hushona vifuko vidogo vya kitambaa cha pamba, nikatia karafuu nzima, maua makavu ya lavenda na maganda ya machungwa yaliyokauka vizuri, kisha nikavipanga kati ya nguo. Nguo zangu hazijaliwa. Majani ya mwarobaini nayo yanafaa, mradi yakaushwe kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, kwa maana yakiwa na unyevu kidogo tu yataleta ukungu na kutia nguo madoa. Mafuta ya karafuu au ya lavenda usiyadondoshe moja kwa moja kwenye nguo; tia kwenye kipande cha mti au pamba, ukifunge, kiwe mbali na kitambaa. Na kila nusu mwaka zitoe nguo zote, uzikung'ute, uzipige brashi kwenye mishono na chini ya kola, uzianike nje kwa saa kadhaa, ndipo uzirudishe.

Mdadisi

Kwa heshima zote, Bibi Karafuu, nadhani sentensi yako ya mwisho ndiyo inayolinda nguo zako kuliko vifuko vyote. Mabuu hupenda mahali penye giza, patulivu, pasipoguswa. Kukung'uta na kupiga brashi huondoa mayai, ambayo hayashikamani na uzi kwa nguvu, na huwavunjia mabuu njia zao za utando. Na wakipigwa na mwanga wa jua huachia nguo na kutafuta kivuli. Mtu akifanya hivyo kwa bidii, hata asipoweka karafuu hata moja, atakuwa amejikinga kwa sehemu kubwa.

Sisemi manukato hayana faida. Mafuta ya mwerezi mwekundu, ambao kitaalamu huitwa Juniperus virginiana, yanaweza kuwaua mabuu waliotoka tu kwenye mayai, ila kwa sharti kwamba mvuke wake uwe mzito na chombo kiwe kimefungwa barabara. Mabuu waliokwisha kukua hawayajali sana. Kipande kimoja cha mwerezi kilichoning'inizwa kwenye kabati linalofunguliwa kila asubuhi hakifikii kiwango hicho, na harufu yake hufifia kadiri miaka inavyopita, hata sanduku zima la mwerezi likabaki sanduku la kawaida lenye jina zuri. Unaweza kulipiga msasa kidogo ndani ili mafuta yaliyobaki yatokeze juu. Lavenda na karafuu zinaweza kumfanya nondo mwenye mimba ya mayai asipende mahali hapo, lakini hazitamtoa buu aliyekwisha kuanza kula. Kwa hiyo zitumike kwenye nguo safi ambazo hazijashambuliwa, ndani ya chombo kilichofungwa, na zibadilishwe harufu inapokwisha. Kuna sababu nyingine ya kuzibadilisha: viungo na majani makavu yakikaa sana huingiwa na wadudu wao, yaani aina za mbawakawa wadogo wanaokula mimea iliyokaushwa, na hapo utakuwa umekaribisha mgeni mwingine kabatini.

Kuhusu naftalini umeamua vyema. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2002 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD mvuke wake uliobaki kwenye nguo na mablanketi unaweza kuvunja seli nyekundu za damu. Ila watu wengi wakiiacha naftalini hukimbilia kafuri wakiamini kwamba kwa kuwa ni ya asili basi haina neno. Kafuri ni sumu kwa mtoto akiimeza, hata kidogo, na inaweza kumletea degedege. Isiwekwe mahali mtoto anapoweza kufika.

Mwanasufu

Nawashukuru nyote, na shikamoo Bibi Karafuu. Naomba kuuliza mawili zaidi. Friza yangu ni kisehemu kidogo tu cha juu ya jokofu ambacho hakigandishi vizuri, na kati ya nguo zangu kuna koti zito la sufu lenye pamba mabegani ambalo haliwezi kuingia humo wala kufuliwa kwa maji. Je, lina njia nyingine? Na je, kabati lenyewe nilifanyeje kabla ya kurudisha nguo?

Bibi Karafuu

Marahaba, mwanangu. Kabati lipanguse lote kwa kitambaa chenye maji na siki, uliache wazi likauke. Fundi atakueleza habari za koti.

Fundi Sindano

Kisehemu cha aina hiyo usikitegemee, kwa sababu baridi isiyo kali, au inayopanda na kushuka, huwalaza mabuu tu bila kuwaua. Kwa koti tumia joto kavu. Joto la nyuzijoto 55 za Selsiasi likikaa ndani ya nguo kwa saa moja huua mayai, mabuu na nondo wenyewe. Siku ya jua kali, koti likitiwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuwekwa juani, joto la ndani linaweza kufikia hapo, ingawa ni vizuri kuweka kipimajoto kidogo katikati ya mikunjo badala ya kukisia, na kuligeuza ili upande wa chini nao upate joto. Hakikisha koti ni kavu kabla ya kulifunga. Kama lina vifungo vya plastiki laini, au sehemu zilizogundishwa kwa gundi, acha njia hiyo ulipeleke kwa dobi anayesafisha kwa njia kavu, ambayo pia huua wadudu. Kwenye mishono, chini ya kola na ndani ya mifuko, pitisha pasi ya mvuke polepole juu ya kitambaa chepesi cha pamba, bila kuisukuma pasi kwa nguvu.

Siki inafaa kwa kuondoa harufu na uchafu, lakini kazi kubwa kabatini ni ya mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu mayai na mabuu hujificha kwenye nyufa za mbao, nyuma ya droo, chini ya karatasi iliyotandikwa, na kwenye kingo za zulia lililo karibu. Fyonza nyufa zote, kisha mfuko wa vumbi uutoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Chungulia pia vitu ambavyo watu huvisahau: kofia ya manyoya, brashi ya nywele za mnyama, mto uliojazwa manyoya, au kiota cha ndege kilichoachwa darini. Pasipoondolewa chanzo hicho, nondo watarudi hata kama kila sweta imegandishwa.

Mdadisi

Niongeze moja kuhusu uhifadhi. Buu aliyetoka tu kwenye yai hupenya mwanya mdogo sana, kwa hiyo sanduku lenye mfuniko uliolegea halimzuii. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, au mfuko wenye zipu usiotoboka, na nguo ziwe kavu kabisa, la sivyo utaziokoa kwa nondo uzipoteze kwa ukungu. Kama unapendelea mfuko wa kitambaa, chagua pamba iliyofumwa kwa kubana, na ukunje mdomo wake mara kadhaa kabla ya kuufunga. Ile mitego ya gundi yenye harufu ya nondo jike inafaa kuwekwa kabatini, lakini ifahamike kwamba inanasa madume tu. Ikianza kunasa, ichukulie kama taarifa ya kukuambia ukague nguo tena, hasa kola, kwapa na mikunjo ya mikono.