Mwenza wa Rais apewe kazi kisheria, au aachwe aishi maisha yake?

Mzee wa Kigamboni: Ndugu zangu, Katiba yetu ya mwaka 1977 haimpi mwenza wa Rais kazi yoyote, lakini kila awamu tunamwona akikata utepe na kupokea misaada. Mama Anna Mkapa alianzisha WAMA, ile taasisi ya Wanawake na Maendeleo, na wengine wakafuata na mifuko yao. Napendekeza itungwe sheria itakayotaja kazi zake, mipaka yake na fungu lake, ili Mkaguzi Mkuu ajue pa kuanzia. Vinginevyo tutaendelea kuwakabidhi mifuko mikubwa watu ambao, kwa heshima zote, jana tu walikuwa wanafundisha darasa la pili.

Mwalimu wa Zamu: Mzee wangu, sheria yako nitaijadili nikishapoa, kwa sababu hilo la darasa la pili limenichoma. Kwanza tuweke kumbukumbu sawa: Mama Anna alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, na WAMA ni ya Mama Salma Kikwete, mwaka 2006. Mama Salma ni mwalimu, na taasisi hiyo ndiyo iliyojenga sekondari ya wasichana kule Nyamisati, Rufiji. Mama Janeth Magufuli naye alifundisha Shule ya Msingi Mbuyuni. Mimi nina watoto 112 katika darasa hilo hilo unalolidharau, na anayeweza kuwatuliza wote kwa kipande cha chaki hashindwi na daftari la mapato na matumizi.

Kalamu Kavu: Mwalimu, hakuna anayehoji uwezo wenu. Ninachouliza ni kwa nini mwalimu yule yule, kabla mumewe hajaingia Ikulu, hapati hata mfadhili wa kumnunulia chaki, na baada ya kuapishwa mumewe wafadhili wanapanga foleni. Anayechangia mfuko wa mke wa Rais anajua bahasha yake inafungulikia wapi. Ila dawa ya Mzee nayo siiamini. Wenzetu Kenya walikuwa na ofisi ya mke wa Rais yenye fungu katika bajeti, na Julai 2024, vijana walipokwisha kuandamana kupinga Muswada wa Fedha, Rais Ruto mwenyewe alitangaza kwamba fungu hilo litaondolewa.

Mzee wa Kigamboni: Nimekosea jina la mfuko, si hoja. Na Mwalimu usinielewe vibaya, kwani hata mke wangu ni mwalimu.

Bi Mkunguni: Kila anayewadharau walimu huanza kwa kutuarifu kwamba anaye mmoja nyumbani. Hata hivyo, Mzee, sheria yako ingemtaja nani enzi za Mzee Mwinyi, aliyekuwa na wake wawili, Mama Siti na Mama Khadija? Wangegawana fungu kwa zamu? Na leo Bwana Hafidh Ameir, mume wa Rais Samia, ambaye ni mtaalamu wa kilimo, tumlazimishe azindue kliniki za wajawazito kwa kuwa sheria imesema hivyo? Tangu Machi 2021 ni nadra kumwona jukwaani, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba kuna kazi ya umma iliyolala. Labda tulichokuwa tunakiita wajibu wa mwenza wa Rais kilikuwa ni wajibu wa mwanamke tu.

Kalamu Kavu: Hapo umesema, Bi Mkunguni, ingawa wapo watakaokujibu kwamba mume huyo anakaa kimya kwa sababu tungemsema zaidi angefungua mdomo.

Mwalimu wa Zamu: Mimi niliwahi kuwa mwenyeji wa ugeni wa aina hiyo, si wa Ikulu bali wa mke wa kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ya hapo, ambaye simtaji. Walimu tulichangishwa fedha za vitenge vya sare, na watoto walifagia uwanja tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakasimama juani wakirudia wimbo mmoja hadi saa nane. Mgeni alikaa dakika ishirini na kuacha madawati kumi. Yule mama hakuwa na kosa, kwa sababu nilimsikia kwa masikio yangu akimwuliza mratibu kwa nini watoto hawajanywa maji. Waliotutesa ni watu wa itifaki, waliotaka aone shangwe.

Mzee wa Kigamboni: Sasa Mwalimu, hivyo vitenge ndivyo ambavyo sheria yangu ingevipiga marufuku!

Mwalimu wa Zamu: Sheria ya kupiga marufuku michango ya vitenge nitaiunga mkono kwa mikono miwili, Mzee wangu. Ila radhi ya darasa la pili bado sijaiona.