Mrejesho: MGB yangu imeacha kukohoa

Wakuu, ni yule wa MGB ya 1972, gari dogo la Kiingereza la paa la turubai, niliyeuliza mwezi jana kwa nini nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa na kutaka kuzima. Fundi mmoja huku Reading, Uingereza, alishaniambia ninunue kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) mpya zote mbili. Bora sikumsikiliza.

Uliyesema nianze na oili ya kabureta, Mungu akubariki. Nilifungua vile vifuniko vyeusi juu ya kabureta mbili, aina ya SU, kila kimoja na kijiti chake chini, kijiti kimoja kikatoka kikavu kama njiti ya kiberiti! Kumbe oili ile ndiyo inayoizuia pistoni ya ndani ya kabureta isipande haraka ukikanyaga mafuta. Ikiisha, hewa inaizidi petroli, ndipo inakohoa. Nikatia oili nyepesi, namba 20, kidogo tu, nikarudisha kijiti mpaka nikahisi kinakaza. Dakika kumi, bila hata kushika bisibisi.

Jumapili tulishusha turubai la paa, mimi na mama watoto, tukaenda hadi mji wa Abingdon, zilikotengenezwa MGB kuanzia 1962 hadi 1980. Kurudi mvua ikatukuta, na kulipandisha turubai lile ni vita nyingine. Pampu ya petroli bado inalia tiki-tiki nikifungua swichi, ila nimeambiwa ndiyo sauti yake.