Yule jamaa wa rimoti jana kanivua nguo mbele za watu, na goli tumelisikia kwa jirani

kipa_wa_mchangani (mwanzisha uzi, Januari 2025):
Wakuu habari za usiku, au za asubuhi, sijui hata ni saa ngapi, nipo kwenye basi narudi home vidole vimeganda ila nitaandika hivyo hivyo maana nikilala na hii kitu kifuani nitaamka na presha.

Mnamjua. Simtaji. Kila anayekuja kucheki mechi za Leafs, timu yetu ya hoki ya barafu ya Toronto, pale Scarborough anamjua, yule wa jezi namba 13 ya nahodha wetu wa zamani Sundin ambayo haijaonja sabuni tangu Sundin mwenyewe aondoke 2008. Nikimtaja atasema nimemchafulia jina, sijui ni sehemu gani ya hilo jina iliyobaki safi.

Sasa jana. Kipindi cha tatu kinakatika, tuko nyuma goli moja, kocha wetu Berube katoa kipa. Mnaelewa lakini? KIPA KATOLEWA. Mchezaji wa ziada kaingia badala yake, sita kwa watano. Matthews ndani, Nylander ndani, Tavares kajibanza mbele ya goli anachapwa fimbo za mgongo wala hageuki, Marner kaipokea paki, kile kisahani cha kuchezea, pale ukutani upande wa kulia, beki wao kateleza goti limegusa barafu, njia imefunguka nyeupeee. Sebule nzima imesimama, mpaka bibi aliyekuja kumtembelea mwanae kutoka Tanga, hajui hoki hata kidogo, na yeye kasimama kashika khanga mdomoni. Na huyu mtu, amekaa, miguu juu ya meza, anasema "hebu kwanza niwaonyeshe kitu", anachukua rimoti, ANABADILISHA.

Kaweka YouTube. Kipa katolewa, yeye anaweka YouTube. Jamaa fulani kajirekodi ndani ya gari anaeleza Marner auzwe wapi. Na hata huyo jamaa hatukumwona mapema, kwanza likaja tangazo la bima, lile lisiloruka.

Tuko hapo na bima yetu ndio tukasikia ukuta unapiga kelele. Kwa jirani! Watoto wa jirani wanaruka mpaka picha ya harusi iliyoning'inia kwetu ikapinda. Goli la kusawazisha, sikuliona. Mpaka mwenye TV alipopokonya rimoti wameshakumbatiana wameshaachiana wanajipanga kati kuanza upya. Matokeo ya mwisho hata msiniulize, mimi niliishia pale kwenye bima.

Nikamwambia kaka umefanya nini. Si angesema pole? Akanigeukia mbele ya watu, mbele ya bibi wa watu, "dogo wewe hoki umeijua juzi, tulia ujifunze, mimi nimeishuhudia 2013". Watu wakacheka. Shemeji yangu, niliyemleta mimi kwa nauli yangu, alicheka zaidi ya wote.

Sawa, 2013. Pleiofu, yaani mtoano, tunaongoza Boston 4-1 kipindi cha tatu, mechi ya saba ya kuamua, wakarudisha mpaka 4-4 na kutumaliza 5-4 ovataimu. Yale mawili ya kusawazisha waliyapata vipi? WALITOA KIPA! Dakika moja na nusu ya mwisho, mawili! Yaani katika binadamu wote wa Toronto, mtu aliyeshuhudia 2013 ndiye ambaye hatakiwi kugusa rimoti kipa akiwa katoka. Hatakiwi hata kupiga chafya.

Halafu eti msimu umeisha. Mechi 82, tuko nusu, juu huko juu kwenye kundi letu la Atlantic, na yeye anauza watu. Huyu kocha tuliye naye, Januari 2019 St. Louis yake ilikuwa ya mwisho ligi nzima, timu 31, ya 31, Juni wakabeba kombe. Unaanzaje kugawana nguo za mgonjwa wakati daktari bado yuko naye chumbani?

Kabadilisha kipa katolewa jamani. Bado siamini.

bisi_na_soda:
Nimewahi siti ya mbele. Endelea mkuu.

fundi_wa_zamboni:
Ngoja nielewe. Watu wazima sebule nzima, mmesimama, yeye peke yake kakaa, na hamkuweza kumpokonya rimoti?

kipa_wa_mchangani:
Alikuwa kaikalia! Baada ya kubadilisha akaikalia!

fundi_wa_zamboni:
😂😂😂 basi huyo ndiye anafaa kukaa golini, hakuna kinachopita. Kipa wetu Stolarz kafanyiwa upasuaji wa goti, mwenzake Woll anabeba mzigo peke yake, mpelekeni jamaa akasaidie.

mjomba_wa_brampton:
Mimi nakuonea huruma lakini jibu swali moja: hilo goli alifunga nani?

kipa_wa_mchangani:
...

mjomba_wa_brampton:
Hahaha hujui mpaka sasa hivi. Una simu mkononi, una intaneti ya kufungulia uzi, marudio hujaangalia.

kipa_wa_mchangani:
Siangalii marudio mimi. Kwa hasira. Kwanza marudio yenyewe yanaanza na tangazo la bima lile lile.

habs_damu_Montreal:
Montreal yetu, vikombe 24 vya ligi. Nakunywa chai yangu taratibu.

mama_nadia:
Cha mwisho 1993 kaka, hiyo chai imeshapoa.

habs_damu_Montreal:
1993 ni karibu kuliko 1967 yenu ya kombe la mwisho dada yangu. Na msinichokoze nikaanza kuongelea 2021, mko mbele mechi 3-1 kwenye pleiofu, mmeshaanza kununua vuvuzela, tukawatoa. Sikubadilisha chaneli hata mara moja.

ukweli_mchungu_416:
Habari wanajukwaa. Mimi huyo mtu simjui. Lakini tuwe wakweli, hoja yake ina mashiko. Matthews 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner 10.9, milioni za dola kwa mwaka hizo, watu wanne wanakula zaidi ya nusu ya kepu, yaani kikomo cha mishahara ya timu, ya milioni 88. Tangu 2004 tumeshinda raundi moja tu ya pleiofu, ile ya Tampa 2023. Mwaka jana Matthews kafunga magoli 69 na bado Boston walitutoa mechi ya saba. Marner mkataba unaisha kiangazi, asipouzwa kabla ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa Machi ataondoka bure. Mtu akiona mbali msimwite mchawi. Na pia hiyo jezi inafuliwa, tena kwa mkono.

bisi_na_soda:
"Inafuliwa kwa mkono" 😭😭😭

mama_nadia:
Akaunti imefunguliwa leo saa sita usiku. Karibu sana kaka, viatu unaweza kuviacha mlangoni.

ukweli_mchungu_416:
Nimesema simjui.

fundi_wa_zamboni:
Simjui ila najua anafulia nini.

kipa_wa_mchangani:
Wewe ukiwa ni yeye, au hata ukiwa binamu yake, sikiliza. Marner ana kifungu cha kutohamishwa. Bila yeye mwenyewe kukubali hauzwi popote, hata huyo wa kwenye gari angeongea mpaka mafuta yaishe. Kwa hiyo tulikatishiwa goli ili tuonyeshwe biashara ambayo timu haiwezi kuifanya! Na ningekusamehe kama ungebadilisha wakati wa mapumziko. Mapumziko yapo mawili kila mechi, dakika kumi na nane, unaweza kumuuza Marner, ukamnunua tena, ukapika na chai. Ila wewe ukasubiri kipa atoke.

mjomba_wa_brampton:
Ila hapo kwenye pesa jamaa kaongea. Mabeki wamekuja akina Tanev wanajitupa mbele ya paki mpaka huruma, msimu wa kawaida tutapita vizuri tu, nafasi 16 kati ya timu 32 sio shida. Shida ni Mei. Ikifika mechi ya saba hawa wanne miguu inakuwa ya kuazima. Mimi hata tungekuwa wa kwanza dunia nzima mwezi wa kwanza sinunui bendera.

kisauni_boy:
Msimu wa kawaida nao, mmesahau 22 Februari 2020? Kipa wa dharura, David Ayres, miaka 42, mtu aliyewahi kuendesha Zamboni, lile gari la kulainisha barafu, kaingia kuisaidia Carolina, nyumbani kwenu wenyewe, mkalala 6-3. Akachaguliwa na nyota wa mechi. Halafu mnagombana na mtu wa rimoti. Jamaa alikuwa anawaepusha na aibu.

fundi_wa_zamboni:
Naomba jina langu la humu liheshimiwe.

simba_wa_barafu_Nai:
Nyinyi watu wa Toronto mnalia na mnanyeshewa barafu bure kutoka juu. Huku Nairobi sisi tunaamka saa tisa usiku kucheki hiyo mechi yenu, halafu kesho kazini. Ice Lions, timu yetu ya hoki ya Kenya, wamekuwa wakijifunzia pale hoteli ya Panari miaka yote, kabarafu kenyewe hata hakafikii saizi ya uwanja kamili, na bado 2018 walifika Canada wakavaa vifaa kamili wakacheza pamoja na nyota wa ligi Crosby na MacKinnon. Nikiwa na barafu mlangoni kama nyinyi mtu aguse rimoti? Tungekuwa tunaongea mambo mengine kabisa.

habs_damu_Montreal:
Hiyo ya Ice Lions niliiona, nililia mie. Ile ndio hoki.

kisauni_boy:
Barafu bure? Njoo uisukume kwenye gari asubuhi ndio utajua kama ni bure. Jana nimelipaki barabarani, gari la manispaa limepita limenizika mpaka vioo, nikachimba, nikaenda kutafuta chumvi, narudi limepita tena. Hilo ndilo lalamiko la kufungulia uzi, sio rimoti.

mama_nadia:
Jamani nami niseme langu maana nimenyamaza vya kutosha. Huyo wa rimoti ni yule yule aliyekuja kwangu mechi ya kabla ya Krismasi mikono mitupu, akakaa mbele ya sahani ya sambusa toka paki inadondoshwa mpaka wachezaji wanatoka kwenye barafu. Mtu anakula anahesabu mpunguo wa kepu. Nikaenda jikoni kuleta chatne narudi sahani nyeupe, ananiambia "dada hizi nyama ungezidisha pilipili".

bisi_na_soda:
Alikula zote halafu akatoa ushauri 😂

ukweli_mchungu_416:
Pilipili kweli zilikuwa chache.

mama_nadia:
AHAAAA!

kipa_wa_mchangani:
Hapo hapo! Amejitaja mwenyewe! Sasa omba radhi, kipa katolewa, Marner ana paki, kwa nini ulibadil

mjomba_wa_brampton:
Tulia dogo kwanza, hii ya sambusa ni nzito. Dada ulitumia nyama ya kusaga ya dukani au ulisaga mwenyewe? Maana ya dukani inatoa maji, pilipili inapotea hata ukiweka nyingi.

mama_nadia:
Nilisaga mwenyewe. Kaka usinianze.

simba_wa_barafu_Nai:
Sambusa bila dania ni bahasha tu. Mliweka dania?

habs_damu_Montreal:
Huku Montreal tunaweka na kitunguu cha majani.

kisauni_boy:
Ndio maana kombe hamjaliona tangu 1993.

kipa_wa_mchangani:
Wakuu uzi wangu. Naombeni turudi. Jumamosi kuna mechi, mimi napendekeza rimoti apewe yule bibi wa Tanga.

fundi_wa_zamboni:
Bibi anaweka taarabu kipindi cha pili tu kikianza. Mimi naunga mkono hoja lakini.

mama_nadia:
Jumamosi kwangu sipokei mtu mikono mitupu. Wa rimoti alete kilo mbili za nyama na risiti. Wewe mwanzisha uzi ulete soda, maana na wewe ile siku ya mechi ya kabla ya Krismasi uliondoka na chupa yangu ya chatne ukidhani sikuona.

bisi_na_soda:
🍿🍿🍿

kipa_wa_mchangani:
Dada hiyo chupa nilipewa na Nadia

mama_nadia:
Nadia ana miaka minne.

mjomba_wa_brampton:
Uzi umegeuka, wakuu 😂😂

mgeni_wa_Mississauga:
Habari za humu, samahani sijasoma juu kote. Kuna mtu anauza matairi ya winta? Gari ni Corolla.

kisauni_boy:
Inchi ngapi mkuu? Ninayo manne, yametumika msimu mmoja tu.

mgeni_wa_Mississauga:
Kumi na sita.

ukweli_mchungu_416:
Usinunue kwa huyo, aliniuzia mimi mwaka jana moja lina kiraka. Kuna ninayemjua North York ana bei nzuri.

kisauni_boy:
Kiraka ulikiweka wewe ulipopanda ukingo wa barabara! Njoo PM mgeni, achana naye.