Mrejesho: Mkanda wa bunduki ya marisau umeshafungwa

Ndugu zangu, niliwauliza ni mkanda gani unaifaa bunduki yangu ya marisau, ile inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, na namna ya kuufunga bila kupasua kitako cha mbao. Nawashukuru kwa dhati, kwani kazi imekamilika.

Nilichagua mkanda wa turubai wenye upana wa milimita 32, kwa sababu ule wa nailoni ulikuwa ukiteleza begani kila nilipoinama, na wa ngozi, pamoja na uzuri wake, hunyonya maji na kurefuka.

Kabla ya kugusa chochote nilitoa risasi zote, nikaikagua chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Kitako ndicho kilichonitia hofu. Nilibandika utepe wa karatasi ili rangi isibanduke, nikatoboa kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu ya pete ya nyuma ya mkanda, upande wa chini, sentimita 7 kutoka mwisho wa kitako, kisha nikaipaka skrubu nta ya mshumaa na kuikaza taratibu kwa mkono; iliingia bila mbao kulia hata kidogo. Pete ya mbele nimeifunga kwenye kifuniko cha bomba la risasi lililo chini ya mtutu, wala si kwenye kishikio, ambacho lazima kiende na kurudi kwa uhuru.

Ilibaki kasoro moja: mkanda ukilegea sana, hunaswa na kishikio ninapokoki. Nimeufupisha kwa vidole vinne, na tangu hapo haujanaswa tena.