Redio ya hapa Mbeya imenigeuza kituko: "Dume au jike?"

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumanne, leo naimwaga. Mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho.

Mimi ni fundi pikipiki Mwanjelwa, mwaka wa tisa huu. Nywele nanyoa, navaa ovaroli, sauti nzito ndiyo niliyozaliwa nayo. Redio moja hapa mjini wakaniita kipindi cha asubuhi, eti wanaongelea mafundi wa kike. Nikafunga kibanda, nikaenda. Swali la kwanza, mubashara: "Tukuite kaka au dada?" Studio nzima kicheko. Habari za injini hakuna aliyeuliza. Mchana nakuta picha yangu kwenye ukurasa wao: "Dume au jike? Komenti hapa."

Ukurasa huohuo wamemweka mchekeshaji wa kiume kavaa gauni, kajaza soksi kifuani, anakata mauno. Yeye anamwagiwa mioyo. Kumbe mwanaume akijifanya mwanamke kwa hela ni sanaa, mimi nikivaa ovaroli kazini ni laana?

Kwenye komenti wakamwingiza Barbra Banda, mwanasoka wa hapo Zambia: "huyu naye kabadili jinsia kama yule." Uongo mtupu! Banda hajabadili kitu, kalelewa binti na ni mwanamke. Olimpiki ya Tokyo alipiga hat-trick mbili mfululizo, Uholanzi kisha China. WAFCON ya 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, akaachwa nje kwa habari za homoni. 2024 CAF, shirikisho la soka Afrika, wakampa tuzo ya mchezaji bora wa kike Afrika. Tunduma ni pua na mdomo na kwao, na bado mnamzushia.

Mwingine kaniambia nihamie Ulaya kwa "wenzangu". Sina wenzangu huko, nina mume na watoto wawili hapa Soweto ya Mbeya. Lakini hata ningekuwa nimebadili jinsia kweli, ndiyo ruhusa ya kunitukana? Na hao waliobadili, msidhani huko walitandikiwa zulia. New York 1973, miaka minne tu baada ya Stonewall, baa ambako mashoga na wenzao walipambana na polisi, Sylvia Rivera, mwanaharakati aliyezaliwa mvulana akaishi kama mwanamke, alipanda jukwaani kwenye siku ya mashoga na wasagaji wenyewe, wakamzomea. Kuzomewa na watu wa kwako, hiyo inauma kuliko hata hii yangu.

Picha bado ipo, nimepiga simu mara tatu. Jana mteja wangu wa siku nyingi kafika, kaniangalia, kacheka, kavuka kwa fundi wa jirani. Yule fundi kijana, klachi nimemfundisha mimi. Pikipiki ikamzimikia mteja Uyole.